James Aggrey: Mwalimu aliyemwona tai ndani ya mwanafunzi

Walimu wengi barani Afrika wanaijua hadithi ya tai aliyelelewa na kuku. Wanaomjua mwalimu aliyeieneza si wengi.

Katika hadithi hiyo, mkulima alimkamata kinda la tai akamfuga bandani. Tai akakua akila mtama pamoja na kuku, akajiona kuku. Siku moja alipita mtu aliyewafahamu ndege, akasema huyo ni tai. Alijaribu kumrusha mara ya kwanza akashindwa, na mara ya pili pia. Mara ya tatu alimpeleka mlimani alfajiri na kumwelekeza kwenye jua. Tai akaruka, asirudi tena bandani.

Msimulizi alikuwa James Emman Kwegyir Aggrey. Alizaliwa Oktoba 18, 1875 huko Anomabo, mji wa pwani katika Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Alisoma shule ya Wamethodisti mjini Cape Coast, na akaanza kufundisha angali kijana mdogo.

Mwaka 1898 alivuka bahari kwenda Marekani, akaingia Chuo cha Livingstone katika mji wa Salisbury, North Carolina. Alihitimu mwaka 1902, akabaki hapo kufundisha kwa takriban miaka 20. Mwaka 1903 alipewa daraja la uchungaji, na mwaka 1905 akamwoa Rose Douglass.

Siku za masomo alikuwa darasani. Mwishoni mwa juma, kwa miaka kadhaa, alihudumia makanisa mawili madogo ya vijijini. Huko aliwahubiria wakulima weusi maskini, na pia aliwahimiza kutunza mashamba na kuboresha nyumba zao. Kwake, sala na jembe havikuwa vitu viwili vinavyopingana. Elimu ilipaswa kugusa kichwa, mikono na moyo wa mtu, na mwalimu asiyeugusa moyo alikuwa hajamaliza kazi.

Mwaka 1920 mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani ulituma tume kuchunguza elimu barani Afrika, chini ya uenyekiti wa Thomas Jesse Jones. Aggrey alikuwa mjumbe pekee Mwafrika. Tume ilizuru Afrika Magharibi, Kongo, Angola na Afrika Kusini. Mwaka 1924 tume ya pili ilifika Afrika Mashariki, na Aggrey akazungumza na wanafunzi, walimu na wazee Kenya, Uganda na Tanganyika.

Moja ya matunda ya safari hiyo ni Shule ya Jeanes, iliyoanza Kabete karibu na Nairobi mwaka 1925. Iliandaa walimu wa kuzungukia shule za vijijini, na wake zao walifundishwa pamoja nao.

Hata hivyo, kazi yake haikupokelewa na wote. Tume ilisisitiza kilimo na kazi za mikono, na baadhi ya Waafrika walihofu kuwa huo ni ujanja wa kuwafungia watoto wao mlango wa elimu ya juu. Wengine walimwona mpole mno mbele ya wakoloni. Upande wa pili, katika nchi zilizotawaliwa na ubaguzi, kisomo chake chote hakikumwondolea dharau ya watu waliotazama rangi yake tu.

Aggrey hakukubali kuchagua kati ya jembe na kitabu. Alitaka mtoto wa Kiafrika apate vyote viwili, hadi chuo kikuu. Alitaka wasichana wapewe nafasi sawa, akiamini kuwa anayemwelimisha mwanamke ameielimisha familia nzima.

Mwaka huohuo wa 1924 Gavana Gordon Guggisberg alimteua kuwa makamu mkuu wa kwanza wa chuo kipya cha Achimota, nje kidogo ya Accra. Mkuu wa chuo alikuwa Mchungaji Alexander Fraser, aliyewahi kuwa mmisionari Uganda. Wakati ule, kwa Mwafrika kukabidhiwa cheo hicho lilikuwa jambo kubwa. Nembo ya Achimota ina vibao vyeusi na vyeupe vya kinanda, kutokana na mafundisho ya Aggrey kwamba muziki mzuri huhitaji rangi zote mbili.

Achimota ilizinduliwa rasmi Januari 1927. Miezi michache baadaye Aggrey alirudi Marekani kuwaona jamaa zake na kuendelea na masomo ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Columbia. Julai 30, 1927 aliugua ghafla na kufariki mjini New York, akiwa na umri wa miaka 51. Mwanawe wa mwisho, Rudolph, alikuwa ametimiza mwaka mmoja tu. Mtoto huyo alikuja kuwa balozi wa Marekani nchini Senegal.

Miongoni mwa vijana waliotikiswa na kifo hicho ni Kwame Nkrumah, aliyekuwa akisomea ualimu Accra. Hakukubaliana na kila wazo la Aggrey kuhusu ushirikiano wa weusi na weupe, lakini alifuata nyayo zake hadi Marekani mwaka 1935, na baadaye akaiongoza Ghana kupata uhuru. Nnamdi Azikiwe wa Nigeria pia alimsikia Aggrey akihubiri, naye akaamua kwenda kusoma huko.

Aggrey hakuuona uhuru huo, wala hakukaa Achimota hata mwaka mmoja baada ya kuzinduliwa. Hadithi yake inampa mwalimu kazi ambayo haipo katika mtaala wala haipimwi kwa mtihani: kuamini kwamba mtoto aliye mbele yake ni tai kabla mtoto mwenyewe hajajua. Tena yule mpita njia hakufanikiwa siku ya kwanza. Alirudi mara tatu.