William Morris, Mpiga Chapa

Wengi wanaomjua William Morris humjua kwa nakshi zake za mapazia na karatasi za ukutani, au kwa madirisha ya vioo vya rangi ambayo kampuni yake iliyatengenezea makanisa mengi ya Uingereza. Mimi nataka kueleza hasa miaka yake ya mwisho, alipokuwa mpiga chapa.

Alizaliwa Walthamstow, karibu na London, tarehe 24 Machi 1834. Baba yake alifariki mwaka 1847, akawaachia jamaa zake hisa za mgodi wa shaba. Basi kijana hakujua shida ya fedha. Alikwenda Oxford, kimojawapo cha vyuo vikuu vilivyoanzisha Misheni ya UMCA iliyokuja kwetu, kwa nia ya kuwa padre. Huko alikutana na Edward Burne-Jones, mwenye nia hiyo hiyo. Mwaka 1855 walisafiri Ufaransa kutazama makanisa makuu ya kale, na kabla ya kurudi walikuwa wamekwisha acha njia ya upadre: Burne-Jones awe mchoraji, Morris asomee ujenzi. Wako watakaowalaumu. Lakini urafiki wao ulidumu mpaka kifo.

Ya katikati nayapita upesi. Alimwoa Jane Burden mwaka 1859, akaanzisha kampuni yake pamoja na rafiki zake mwaka 1861, akasifiwa kwa mashairi yake. Mwaka 1883 aliingia katika chama cha Wasoshalisti, akawa akiwahutubia wafanyakazi hata barabarani.

Tarehe 15 Novemba 1888 jirani yake, Emery Walker, alitoa hotuba juu ya upigaji chapa, akionyesha kwa taa ya picha kurasa za vitabu vya kale, zilizokuzwa sana. Usiku ule Morris aliazimia kutengeneza herufi zake mwenyewe. Alichukua picha za herufi za Nicolas Jenson, aliyepiga chapa Venice katika miaka ya 1470, akazichora tena na tena mpaka mkono wake ukazizoea, ndipo akabuni zake. Fundi Edward Prince alizichonga katika chuma. Ziliitwa Golden, kwa ajili ya Golden Legend, kitabu cha maisha ya watakatifu alichokusudia kukipiga chapa.

Kiwanda chake, Kelmscott Press, kilianza Hammersmith mwaka 1891. Mashine zilikuwa za mkono, na karatasi ilitengenezwa kwa mkono, kwa nyuzi za kitani. Sisi tuliofundisha watoto mwandiko tutamwelewa mtu huyu: alishika sana kwamba nafasi baina ya maneno isizidi haja, na kwamba kurasa mbili zinazotazamana huonwa kama kitu kimoja. Kwa hiyo pambizo ya ndani iwe nyembamba kuliko zote, ya juu izidi kidogo, ya nje izidi tena, na ya chini ndiyo iwe pana kabisa.

Picha nazo zilichongwa katika mbao. Fundi hutumia mti mgumu sana, uliokatwa kwa kukingama ili achonge juu ya kichwa cha ubao, wala si ubavuni. Sehemu zitakazobaki nyeupe huondolewa kwa patasi ndogo. Mistari inayobaki imesimama ndiyo hupakwa wino. Na kwa kuwa kibao kina kimo sawa na herufi, picha na maneno hupigwa chapa kwa mvuto mmoja wa mashine. Kazi hiyo ilikuwa ikifa wakati ule, kwa sababu picha za kamera zilikuwa zikishika mahali pake. Morris alimpata fundi mzee, William Harcourt Hooper, aliyekuwa amekwisha staafu.

Kazi yao kubwa ilikuwa maandiko ya Chaucer, mshairi aliyeandika habari za mahujaji waendao Canterbury. Burne-Jones alichora picha 87, Morris akachora mapambo ya pembeni. Kupiga chapa kulianza Agosti 1894, na muda si muda afya ya Morris ikaanza kudhoofika. Rafiki zake wakahofu kwamba hatakiona kitabu kimekwisha. Zilitoka nakala 425 za karatasi na 13 za ngozi. Nakala ya karatasi iliuzwa pauni 20, mshahara wa kibarua wa miezi mingi. Msoshalisti aliyewapigania maskini akatengeneza vitabu ambavyo maskini hawezi kuvinunua! Neno hili lilisemwa tangu siku zake, nami sioni kwamba lina jibu jepesi. Kazi njema ya mkono ina gharama, na wale mafundi aliwalipa vizuri.

Nakala ya kwanza ilimfikia tarehe 2 Juni 1896. Alifariki tarehe 3 Oktoba mwaka ule ule, akachukuliwa kwa mkokoteni wa shamba uliopambwa majani, katika mvua kubwa, akazikwa penye kanisa la kijiji cha Kelmscott. Kiwanda kilifungwa mwaka 1898, na vile vibao vya mapambo vikapelekwa British Museum, kwa sharti kwamba visipigwe chapa tena kwa muda wa miaka 100.