Clarence Leo Fender: fundi redio na gitaa la besi

Msikilizaji, besi inayonguruma kwenye muziki wa dansi tunaokupigia ina deni kwa fundi redio mmoja. Clarence Leo Fender alizaliwa California, Marekani, mwaka 1909. Jicho moja alilipoteza utotoni, na gitaa hakuwahi kujifunza kulipiga.

Mwaka 1938 alifungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton. Wanamuziki wakamletea amplifaya zilizoharibika, naye akasikiliza shida zao. Kubwa ilikuwa besi ya zamani: limbao refu kuliko mpigaji, tabu kulibeba safarini, na sauti yake humezwa na ngoma. Mwaka 1951 Fender akatoa Precision Bass, besi ya umeme ya kuvaa begani, yenye vyuma shingoni vinavyoonyesha mahali pa kubonyeza uzi.

Mwaka 1965, akiumwa na akidhani hatapona, aliiuza kampuni yake kwa CBS, dola milioni 13. Kumbe akapona! Akaendelea kubuni magitaa karibu hadi kifo chake mwaka 1991. Siku hizi wakusanyaji wa magitaa ya Fender huuliza kwanza: hili ni la kabla ya mauzo yale, au baada? La kabla, bei yake haishikiki.