Marconi, mtu aliyepimana nguvu na umbali

MFANYABIASHARA anayefika Kobero na mzigo wake anaijua adha hii. Miguu yake ingali Burundi, lakini simu imekwishahamia kwenye mnara wa Tanzania, na salio linakatwa kwa bei ya nje. Naye aliyerejea kutoka kambini, akajenga upya Nyamugari, iwe ile ya Gitega au ile ya Muyinga, hujiuliza kwa nini akiwa bondeni simu inakuwa bubu, na akipanda mlimani inaita.

Swali la umbali na mawimbi si geni. Yuko mtu mmoja aliyelibeba kwa zaidi ya miaka 40, na minara tunayoiona leo vilimani ni matunda ya kazi hiyo. Huyo ni Guglielmo Marconi.

Alizaliwa Bologna, Italia, Aprili 25, 1874, kwa baba Mwitalia mwenye mashamba na mama wa Ireland, Annie Jameson. Hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Mwaka 1894, alipofariki Heinrich Hertz, Mjerumani aliyethibitisha kuwepo kwa mawimbi ya redio, kijana Marconi alisoma habari zake na kuingiwa na wazo moja: kama mawimbi hayo yanavuka chumba, kwa nini yasivuke nchi?

Alianza darini nyumbani kwao. Mwaka 1895 alitoka nje na kugundua kwamba akiinua waya juu na kuufukia mwingine ardhini, ishara zinakwenda mbali zaidi. Hapo ndipo ulipozaliwa mnara. Kaka yake, Alfonso, alikwenda na mtambo wa kupokelea hadi nyuma ya kilima, akiwa na bunduki. Ishara ilipofika, alifyatua risasi hewani. Umbali ulikuwa kiasi cha kilomita 2.

Mwaka 1896 Marconi alihamia Uingereza, akasajili uvumbuzi wake na kupata msaada wa William Preece, mhandisi mkuu wa Posta ya huko. Mei 1897 ishara zilivuka maji ya Mlango wa Bristol, na mwaka 1899 zikavuka bahari kati ya Ufaransa na Uingereza.

Wataalamu wengi waliamini kwamba asingeweza kwenda mbali zaidi, kwa kuwa dunia ni mviringo na mawimbi husafiri moja kwa moja. Marconi hakukubali. Alijenga kituo kikubwa Poldhu, Uingereza, lakini Septemba 1901 dhoruba iliangusha milingoti yake. Hakukata tamaa. Desemba 12 mwaka huo, akiwa Newfoundland, ng'ambo ya Atlantiki, alirusha tiara lililobeba waya angani, akatangaza kuwa amesikia herufi S kutoka Poldhu, umbali wa kilomita zipatazo 3,500.

Wako wanaotilia shaka tukio hilo mpaka leo. Lakini mwaka 1902, akisafiri kwa meli, alithibitisha jambo ambalo wasikilizaji wa redio za masafa marefu wanalijua: usiku mawimbi hufika mbali kuliko mchana. Baadaye ilibainika kuwa juu angani kuna tabaka linaloyarudisha chini.

Mwaka 1909 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mjerumani Karl Ferdinand Braun. Mitambo ya redio ya Wajerumani ilifika hata kwetu. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, mnamo Agosti 8, 1914, manowari ya Waingereza iitwayo Astraea iliushambulia mji wa Dar es Salaam, shabaha ikiwa kituo cha redio.

Kabla ya hapo, Aprili 1912, meli ya Titanic ilizama. Kila meli yenye mtambo ilikuwa na herufi zake za utambulisho, na za Titanic zilikuwa MGY. Carpathia ilisikia wito ikiwa mbali na kwenda kuokoa watu zaidi ya 700. Californian ilikuwa karibu zaidi, lakini mhudumu wake wa redio alikuwa amelala. Ukaribu peke yake hautoshi.

Minara ya leo nayo ina utambulisho wake. Kila mnara hutangaza namba ya nchi, ya kampuni na ya mnara wenyewe. Burundi ni 642, Tanzania 640, Rwanda 635. Zipo programu za simu zinazoonyesha namba hizo. Ukiwa mpakani ukaona 640, ujue umeshahamia Tanzania. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio na kuchagua mtandao mwenyewe, badala ya kuiachia simu ikuchagulie, kwani simu hufuata ishara, haifuati mpaka.

Programu hizo huonyesha pia nguvu ya ishara kwa namba hasi. Kwenye 2G, hasi 70 ni nzuri, hasi 110 ni hafifu mno. Hata penye uwazi, umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu hubaki robo. Milima, miti na mabati huipunguza zaidi. Tena mnara wa 2G kwa kawaida hauhudumii simu iliyo zaidi ya kilomita 35, hata ukiuona kwa macho, kwa sababu jibu la simu huwasili limechelewa.

Na kasi ya intaneti? Mnara ukiisikia simu kwa shida, hupunguza mwendo wa kutuma data, kama mtu anayeongea na jirani wa ng'ambo ya bonde: polepole, neno kwa neno. Simu nayo hupaza sauti, na chaji huisha upesi. Lakini siku ya soko hata aliye chini ya mnara huweza kupata kasi ndogo, maana wengi wanagawana mnara mmoja.

Marconi hakuwa malaika. Alijiunga na chama cha Mussolini mwaka 1923, na Italia ilipoivamia Ethiopia mwaka 1935 aliitetea. Historia inapaswa kuyataja yote mawili, kipaji chake na doa lake.

Mwaka 1931 alisimika Redio Vatican. Miaka yake ya mwisho aliyarudia mawimbi mafupi sana, ya urefu usiofika mita moja, ndugu wa yale yanayotumiwa na simu zetu. Alifariki Roma Julai 20, 1937, akiwa na umri wa miaka 63. Vituo vya redio vilinyamaza kwa dakika mbili kumuaga.

Basi ndugu msomaji, kabla ya kumtumia mteja fedha au kumpigia mzazi uliyemwacha ng'ambo, tazama kwanza simu yako imeshika mnara wa nani. Kisha inuka, toka chini ya mabati, panda mlimani. Ndivyo alivyofanya kijana wa Bologna mwaka 1895: alitafuta mahali pa juu.