Wolf Vishniac: Jamaa aliyefia barafuni akisaka uhai usioonekana

Kuna miezi huko angani, kama Europa wa sayari ya Jupita, inayoaminika kuwa na bahari chini ya ganda la barafu. Utajuaje kama kuna kitu kinaishi humo? Huwezi kudandia matatu ukaenda kuangalia. Unachofanya ni kutafuta mahali hapa duniani panapokaribiana na huko kwa ugumu, halafu unauliza: hapa kuna kinachoweza kuishi?

Swali hilo ndilo lililomtoa uhai Wolf Vishniac.

Alizaliwa Berlin, Ujerumani, mwaka wa 1922. Babake, Roman, alikuwa mpigapicha maarufu wa maisha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Wanazi walipoanza kuwawinda Wayahudi, familia ikahepa, ikaishia Marekani. Wolf akasomea vijidudu, akapata uzamifu Stanford mwaka wa 1949, akafunza Yale kisha Rochester.

Mwaka wa 1959, NASA ikiwa bado changa, ilimpa pesa aunde mashine ya kunasa uhai kwenye sayari nyingine. Ilivyofanya kazi si ngumu kuelewa. Inachota udongo, inautia kwenye mchuzi wenye chakula, kisha inamulika mchuzi huo. Vijidudu vikizaana, mchuzi unaingia ukungu na mwanga unapungua. Wenzake wakaibatiza Wolf Trap, yaani mtego wa Wolf, na ikapata nafasi kwenye vyombo vya Viking vya kwenda Mirihi.

Mwaka wa 1972 bajeti ikabana. Mtego ukatemwa. Jasho la zaidi ya miaka kumi likaenda hivyo.

Msee mwingine angenuna akaachana na hiyo stori. Yeye akafunga safari hadi Antaktika, kwenye mabonde makavu ambako ni baridi kali na maji ni adimu sana. Kulikuwa na wanasayansi waliosema udongo wa sehemu fulani huko hauna kiumbe hata kimoja. Dai hilo lilikuwa zito. Kama hapo pamekufa, nani angetarajia kitu Mirihi? Wolf akashuku kwamba huenda shida ni mbinu, si udongo. Badala ya kubeba udongo hadi maabara, akafukia vipande vidogo vya vioo palepale, akaviacha vikae, ndipo arudi kuvitoa aone vimeota nini.

Desemba 10, 1973, alitoka kambini peke yake kwenda kuvichukua. Hakurudi. Alikuwa ameteleza kwenye mteremko wa barafu na kuanguka. Alikuwa na miaka 51.

Mkewe Helen, naye mtaalamu wa vijidudu, akachunguza alichokusanya mumewe. Humo mkapatikana aina ya hamira ambayo haikuwa imejulikana. Mawe kutoka safari hiyo yalimfikia mwanasayansi Imre Friedmann. Alipoyapasua akakuta viumbe wamejificha ndani ya jiwe lenyewe. Kumbe pale palipoitwa pamekufa palikuwa na wenyeji.

Leo watafiti wa miezi ya barafu wanaenda mabonde hayohayo. Mwaka wa 2008 na 2009 roboti ya kuzamia ilijaribiwa chini ya barafu ya Ziwa Bonney, Europa ikiwa akilini. Karibu na hapo, kwenye Blood Falls, maji ya chumvi yenye kutu nyekundu hutoka chini ya barafu yakiwa na vijidudu vinavyoishi bila jua.

Chombo cha Europa Clipper kiliondoka Oktoba 2024 na kinatarajiwa kufika Jupita mwaka wa 2030. Hakiendi kukamata kiumbe. Kinaenda kuangalia kama mazingira ya kule yanaweza kuhimili uhai. Kuchagua mahali pagumu pa kufanyia mazoezi ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni ile aliyoshikilia Wolf: usitangaze mahali pamekufa kabla hujahakikisha umetafuta vizuri.