Adrien Atiman, Mganga na Katekista wa Karema

Katika kuadhimisha Jubilei ya jimbo letu, yatupasa kuwakumbuka si maaskofu na mapadre peke yao, bali na walei waliobeba mzigo wa kazi pamoja nao. Mmoja wao ni Adrien Atiman, mganga na katekista wa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Kazi yake haikuwa katika nchi yetu ya Mbulu na Hanang. Lakini Mapadre Weupe waliomlea ndio wale wale walioleta Injili Mbulu, wakianzia Tlawi mwaka 1907. Kwa hiyo twaweza kumwita ndugu wa nyumba moja.

Tena liko jambo katika maisha yake litupasalo hasa sisi wa Endasak na vigango vya jirani. Kila mwaka vijana wetu humaliza shule, na wengi hawajui waelekee wapi. Wazazi nao husitasita: je, kumpeleka kijana akajifunze kazi ni heshima, au ni fungu la walioshindwa? Na mtu mzima mwenye kazi yake, je, yafaa arudi tena kujifunza? Basi na tumtazame Atiman.

Alizaliwa karibu na mwaka 1866 katika nchi za mto Niger, si mbali na mji wa Timbuktu, Afrika ya Magharibi. Alipokuwa mtoto bado alitekwa na Watuareg, watu wa jangwani, akauzwa utumwani. Wakampitisha katika jangwa la Sahara, safari ndefu ya mchanga na kiu, hata akafika Metlili, kusini mwa Algeria. Hapo Mapadre Weupe wakamkomboa kwa fedha. Wazazi wake hawakuwapo, lugha yake haikusikika tena, wala hapakuwa na njia ya kumrudisha kwao. Mtoto wa namna hii atafanywa nini?

Jibu lilikuwa kwa Askofu Mkuu wa Algiers, Charles Lavigerie, aliyekianzisha chama cha Mapadre Weupe mwaka 1868, na kufanywa Kardinali mwaka 1882. Ilipotokea njaa kuu Algeria mwaka 1867, aliwakusanya yatima wengi, akawafundisha dini pamoja na kilimo na kazi za mikono. Aliona kwamba mtoto aliyeokolewa na njaa, asipopewa kazi ya kujitegemea, ataomba tena kesho. Na kwa vijana waliokombolewa kutoka utumwani aliwaza jambo kubwa zaidi: wenye akili na moyo wafundishwe uganga, wapelekwe Afrika ya kati wakawe waganga na makatekista. Hakutaka wageuke Wazungu kwa mavazi na chakula. Alitaka wakaishi kati ya Waafrika kwa desturi za Kiafrika, wakijilisha kwa kazi yao.

Kwa shabaha hiyo alifungua nyumba ya masomo katika kisiwa cha Malta mwaka 1881. Malta palikuwa na chuo kikuu cha zamani, ambacho asili yake ni shule ya Wajesuiti ya mwaka 1592. Na lugha ya watu wa kisiwa kile ni jamaa ya Kiarabu, ambacho vijana hao walikuwa wamekizoea huko Algeria. Atiman akawa mmoja wa vijana wachache waliochaguliwa. Alijifunza huko miaka kama 7: mwili wa mwanadamu ulivyoumbwa, magonjwa na dalili zake, dawa na vipimo vyake, namna ya kufunga majeraha na kupasua. Tusidhani ilikuwa njia nyepesi. Mtu aliyetengwa na wazazi wake, akisoma kwa lugha za kigeni, kati ya watu wa rangi nyingine, alihitaji moyo mkuu ili afike mwisho. Naye alifika.

Mwaka 1888 akaondoka pamoja na Askofu Bridoux na wenzake, kuja pande zetu. Wakashuka pwani, wakaingia bara kwa miguu, safari ya zaidi ya kilometa 1,000 mpaka ziwani. Karema ilikuwa ngome iliyojengwa na Wabelgiji mwaka 1879, kisha ikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe mwaka 1885. Biashara ya watumwa ilikuwa haijakoma katika ziwa lile, na misioni ilikuwa na watu wengi waliokombolewa. Yeye aliyeuzwa utotoni akawekwa kuwatibu waliouzwa kama yeye. Hapo twaona jinsi Mungu ajuavyo kuirudisha njia iliyopotoka.

Askofu Bridoux alifariki mwaka 1890, hata miaka 2 haijatimia tangu kufika kwake. Hivyo ndivyo zilivyokuwa nyakati zile: homa iliwaondoa wamisionari mmoja baada ya mwingine, nao waliobaki walihitaji mtu wa kuwatunza. Atiman alikaa. Aliwatibu mapadre na masista, Wabende na majirani zao, Wakristo na wasio Wakristo. Asubuhi aliwapokea wagonjwa, kisha akaenda vijijini kwa wale wasioweza kutembea. Na pamoja na dawa alifundisha katekisimu. Watu waliokuwa hawajali mahubiri walimfungulia mlango kwa sababu ya mtoto wao mgonjwa.

Hapa twataka walimu wetu waangalie jambo moja. Atiman hakudhani ya kuwa masomo yake yalikwisha siku alipoondoka Malta. Alifika akiwa mtu mzima mwenye kazi yake, akaanza kujifunza upya. Alijifunza lugha za wenyeji, maana mganga asiyeelewa malalamiko ya mgonjwa hutibu gizani. Kadhalika alizichunguza dawa za miti za nchi, wala hakuzidharau kwa kuwa hazikuandikwa katika vitabu vya Malta. Alikuta magonjwa ambayo walimu wake hawakuyajua vema, na wakati mwingine dawa za Ulaya zilichelewa au hazikupatikana. Chuo kilimpa msingi. Nyumba aliijenga mwenyewe kwa miaka mingi ya kazi.

Alioa mke wa nchi ile, jina lake Agnes. Mwana wao Joseph alipewa daraja ya upadre mwaka 1923, akawa miongoni mwa mapadre wazalendo wa kwanza wa Tanganyika. Basi yule mtoto aliyenyang'anywa jamaa zake akawa baba wa jamaa, na altare ikapata mtumishi kutoka nyumba ya mganga.

Serikali zilibadilika mbele ya macho yake: Wajerumani walikuja, wakaondoka kwa vita, wakafuata Waingereza. Maaskofu walipokezana. Yeye akabaki Karema na sanduku lake la dawa. Mwaka 1946 habari za maisha yake, kama alivyozieleza mwenyewe, zilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Alifariki mwaka 1956, miaka 5 kabla nchi yetu haijapata uhuru, akiwa ametumika Karema miaka 67 hivi. Nyumba ya Mapadre Weupe mjini Dar es Salaam imeitwa kwa jina lake, Atiman House.

Na tuhesabu pamoja: miaka kama 7 ya mafunzo, miaka 67 ya utumishi. Ni mbegu gani nyingine yenye mavuno kama hayo? Lavigerie angeweza kusema mtoto yule amekombolewa, yatosha. Lakini uhuru usio na kazi ni nusu ya uhuru. Vivyo hivyo mzazi amlipiaye mwanawe karo mpaka mwisho wa shule, kisha akamwacha barazani, amefanya nusu ya kazi.

Leo kijana wa Endasak haitaji kuvuka jangwa wala bahari. Kiko chuo cha uuguzi Dareda, na kingine Haydom. Viko vyuo vya VETA vya ufundi stadi, ambako hufundishwa useremala, ushonaji, umeme na uashi. Hata mwalimu au mkulima mwenye familia aweza kujiendeleza bila kuacha shamba, maana Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa mwaka 1992, huwafundisha watu wakiwa majumbani mwao. Lisilopatikana kwa karo ni ule moyo wa Atiman: kujifunza mpaka mwisho, kurudi kwa watu, na kukaa nao.

Kwa hiyo twawasihi wazazi wasione haya mtoto achaguapo kazi ya mikono au ya kuwahudumia wagonjwa. Twawasihi vijana wasiulize kwanza ni cheo gani kitatoka katika mafunzo, bali ni nani atakayepona, atakayejengewa, atakayefundishwa. Na ninyi mlio watu wazima, msiseme wakati umepita. Mganga wa Karema alikuwa mwanafunzi hata mvi zilipomtoka. Mungu aliyemtoa Atiman katika mikono ya wauza watu, akampa kazi ya kuponya, aibariki mikono ya watoto wetu, ipate kujifunza na kutumika. Amina.