Mchungaji Dkt. Howard S. Olson: Mwalimu Aliyetaka Usharika Wote Uimbe

Katika kitabu hiki cha kumbukumbu ya miaka mia moja, msomaji atakutana na majina ya wainjilisti, wachungaji na wazee wa kanisa walioujenga usharika wetu. Ni haki pia kumkumbuka mtu ambaye hakuwa mchungaji wa usharika huu, lakini matunda ya kazi yake yamo vinywani mwetu kila Pasaka inapofika. Huyo ni marehemu Mchungaji Dkt. Howard S. Olson, rafiki wa Kanisa letu na mlezi wa wachungaji wengi, aliyependa sana kuimba pamoja na watu.

Olson alizaliwa mwaka 1922 katika jimbo la Minnesota, nchini Marekani. Alifika Tanganyika mwaka 1946 akiwa mmisionari kijana. Kabla ya kuwafundisha wengine, alikubali kufundishwa. Aliisoma kwa bidii lugha ya Wanyaturu wa Singida, ambayo huitwa pia Kirimi, na mwaka 1964 alikamilisha huko Hartford, Marekani, tasnifu ya udaktari kuhusu sauti na maumbo ya lugha hiyo. Katika Kinyaturu, kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe. Mtu akilibebesha neno wimbo usioheshimu sauti yake, neno hilo hupotoka, na msikilizaji hubaki na sauti tamu isiyo na ujumbe.

Jambo hilo lilimfungua macho kuhusu nyimbo za ibada. Wamisionari wa kwanza walituletea hazina kubwa ya tenzi za Ulaya, nazo zimetulea hata leo. Lakini maneno ya Kiswahili yalipopangwa juu ya tuni za Kijerumani, mara nyingi hayakukaa vizuri. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali mistari mingi ya tenzi za Kijerumani humalizikia kwenye silabi nzito. Hivyo mkazo uliostahili kuwa mwanzoni mwa jina la Mungu ulihamia mwishoni mwake, na Wakristo walizoea kuimba maneno yao kwa namna ambayo hawangeyatamka nyumbani.

Olson alifundisha kwa miaka mingi katika Chuo cha Theolojia cha Kilutheri Makumira, karibu na Usa River, Arusha, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira. Wanafunzi walitoka pande zote za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, lililoundwa mwaka 1963 kwa kuunganisha makanisa saba. Kila mmoja alikuja na lugha yake na nyimbo za kwao. Wapo waliodhani kwamba nyimbo hizo zilipaswa kuachwa getini. Mwalimu huyu aliwaomba waingie nazo. Aliwahimiza wazikumbuke tuni za kwao, wazitungie maneno ya Injili kwa Kiswahili, kisha waziimbe pamoja na wenzao wasiozijua.

Tunda lililojulikana kuliko yote lilitoka kwa Bernard Kyamanywa, aliyekuwa mwanafunzi Makumira. Mwaka 1966 aliandika maneno ya Mfurahini, Haleluya kwa tuni ya Kihaya. Wimbo huo unasimulia ufufuo wa Bwana kwa lugha nyepesi, na kila ubeti hufuatwa na kiitikio ambacho hata mtoto asiyejua kusoma hukishika mara moja. Olson aliutafsiri kwa Kiingereza. Ulitafsiriwa pia kwa Kijerumani, nao umo katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani, namba 116. Nchi iliyotuletea tenzi zake sasa huimba Pasaka kwa tuni ya Buhaya. Katika kundi hilohilo umo wimbo Njoo kwetu, Roho mwema, ulioandikwa na Wilson Niwagila, ambao nao Olson aliutafsiri.

Tusidhani kwamba kazi hiyo ilikuwa rahisi. Wakristo wengi wa kizazi cha kwanza waliihusisha ngoma na matambiko waliyoyaacha walipobatizwa, nao walikuwa na sababu zao. Wageni wetu kutoka Nyarero na sehemu nyingine za Tarime na Serengeti wanalielewa jambo hili, maana wanaijua sauti ya ritungu, kinanda cha Wakurya chenye nyuzi nane, pamoja na shughuli zote ambazo huambatana nayo. Swali lililokuwa mbele ya Kanisa lilikuwa zito: je, sauti iliyotumika jana kwa mambo mengine yaweza kumtumikia Mungu leo? Jibu la Olson lilikuwa ndiyo, mradi maneno yawe ya Injili na waimbaji wawe watu waliobadilika.

Nyimbo hizo alizikusanya katika kitabu kiitwacho Tumshangilie Mungu. Kwa wasomaji wa Kiingereza alitoa Lead Us, Lord mwaka 1977, na Set Free mwaka 1993. Wachungaji wengi wanamkumbuka pia kwa kitabu chake Jifunze Kiyunani, kilichowawezesha kuisoma lugha ya Agano Jipya wakifundishwa kwa Kiswahili. Katika kazi zote hizo nia yake ilikuwa moja, yaani Mwafrika asilazimike kupitia mlango wa lugha ya mgeni ili alifikie Neno. Alifariki mwaka 2010 nchini kwao.

Tunapoingia katika miaka mia ya pili, maisha ya mwalimu huyu yanatuuliza swali. Kwaya zetu zimeongezeka, na vyombo vya muziki vimekuwa bora. Hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini ziko ibada ambazo kwaya tano huimba, na washarika hukaa kimya wakisikiliza kama watazamaji. Namna ya kiongozi kuanzisha na watu kuitikia, ambayo Olson aliipenda katika nyimbo zetu, haimwachi mtu nje: bibi asiyeona maandishi, mtoto aliye mgongoni, mgeni aliyefika leo, wote wana sehemu yao.

Basi, kumbukumbu inayomfaa ni usharika wote kuimba. Wazee na wafundishe nyimbo walizonazo kabla hawajatutoka, na vijana wazitungie maneno ya Injili. Tunamshukuru Mungu kwa ajili ya mtumishi wake huyu, aliyetoka mbali akatusaidia kuisikia sauti yetu wenyewe.