Daktari wa Kwihara na papasi

Wengi tunamjua David Livingstone kama yule mzee aliyekutwa na Stanley pale Ujiji. Tunasahau kwamba jamaa alikuwa daktari. Alizaliwa Blantyre, Scotland, mwaka 1813, akapata leseni ya udaktari 1840, na katika kitabu chake cha 1857 alishaeleza kuwa aliyeng'atwa na papasi huugua.

Februari 1872 alifika Kwihara, jirani na Tabora. Stanley akaondoka Machi, yeye akabaki kwenye tembe akisubiri wapagazi hadi Agosti. (Wanaosubiri bumu watamwelewa.) Kwa malaria kulikuwa na kwinini. Kwa homa ya papasi hakukuwa na kitu. Ilifika 1904 na 1905 ndipo watafiti walipothibitisha kwamba papasi huibeba bakteria yake.

Leo zahanati ina doksisaiklini. Dawa hii huzikwamisha ribosomu za bakteria, yaani viwanda vinavyounda protini ndani ya seli. Zetu huziacha kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa zimejengwa tofauti: zina protini 80, za bakteria 50 na kitu. Na heri ziachwe. Kasoro ya kurithi kwenye protini moja tu kati ya hizo 80 inaweza kumpunguzia mtoto mchanga damu vibaya sana.

Livingstone alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, baada ya kutokwa damu tumboni kwa muda mrefu. Oktoba, Chuma na Susi waliipitisha maiti yake Kwihara, safari ya Bagamoyo.